Rungu lenye mpini wa pembeni: kabla ya kubishana kuhusu vifaa vya polisi

UZI. Jumamosi niliitwa kuongea na vijana wa mtaa wetu kuhusu swali linalorudi kila baada ya maandamano: polisi wanunuliwe vifaa gani? Wengi mmeniomba niweke maneno yenyewe hapa, na nimeyaacha karibu vile nilivyoyasema. Sheria ya uzi ni ile ile: hakuna jina la mwanasiasa, hakuna chama. Ukitaja kwenye majibu, jibu lako linatoka.

1/ Nimekuja na vijiti viwili, na mlinzi pale langoni alinitazama vibaya sana kabla ya kuniruhusu kupita. Kimoja ni rungu la kawaida, mbao iliyonyooka. Hiki kingine kina mpini unaotoka pembeni, kama tawi lililokatwa fupi. Jina lake la asili ni tonfa. Wengi mmekiona kwenye sinema tu. Mimi nimekishika miaka mingi, kwa sababu mwalimu wangu wa karate alikuwa anafundisha na silaha za zamani za Okinawa.

Sikuja kuwafundisha kupigana. Nimekuja kwa sababu hiki kijiti kina historia ambayo inajibu nusu ya kelele tunazopiga huku mtandaoni.

2/ Mjadala wetu mnaujua. Baada ya kila vurugu, kunatokea kambi mbili. Kambi ya kwanza inasema: polisi wanaumiza watu kwa sababu vifaa vyao ni vya kizamani. Wapeni vifaa vya kisasa kama vya ng'ambo na mambo yatatulia. Kambi ya pili inasema: rungu lenyewe ndilo dhambi, lipigwe marufuku, kwisha maneno.

Zote mbili zinapata makofi mengi kwenye mikutano, na zote zinakwepa swali gumu. Ili mnielewe, twende kwanza mbali na Nairobi.

3/ Okinawa ni kisiwa kusini mwa Japani. Zamani kilikuwa sehemu ya ufalme wake wenyewe, ufalme wa Ryukyu. Mwaka 1609 ulivamiwa na watawala wa Satsuma kutoka kusini mwa Japani, na mwaka 1879 Japani ikaumeza kabisa. Huko ndiko karate ilikozaliwa, na pamoja nayo sanaa ya silaha inayoitwa kobudo. Tonfa ni moja ya silaha hizo. Kwa desturi huchongwa kwa mbao ngumu, na mpiganaji hushika mbili, moja kila mkono.

4/ Stori tuliyosimuliwa sote darasani ni tamu: mkulima maskini amenyang'anywa silaha na mvamizi, anachomoa mpini wa jiwe la kusagia nafaka, anapigana na upanga. Silaha ya mnyonge! Nani asiipende?

Lakini wanahistoria wengi wanaitilia shaka. Vijiti vya namna hii vinajulikana pia Uchina na Thailand, kwa hiyo huenda wazo lilisafiri na wafanyabiashara wa baharini. Tena waliokuwa na nafasi ya kujifunza sanaa hizi kwa kina hawakuwa wakulima tu. Kulikuwa na tabaka la maafisa wa ufalme, pechin, na baadhi ya kazi zao zilikuwa kulinda usalama na kukamata wahalifu.

Mmeona? Silaha tuliyoambiwa ni ya mnyonge, huenda tangu zamani ilikuwa pia mkononi mwa askari. Kijiti hakina chama. Kinamtumikia aliyekishika.

5/ Sasa angalieni kinavyofanya kazi. (Hapa nilimwita kijana mmoja mbele.) Ninashika mpini. Ule upande mrefu unalala chini ya mkono wangu, kwenye kigasha, yaani hapa kati ya kifundo cha mkono na kiwiko. Mtu akinipiga, pigo linakutana na mbao kwanza. Hiyo ndiyo kazi yake ya kwanza: kukinga.

Kazi ya pili: ncha fupi inayotokeza mbele ya ngumi inasukuma mtu arudi nyuma. Ya tatu: ukipitisha kijiti kwenye mkono wa mtu, unaweza kumfunga na kumtembeza bila kumpiga hata mara moja. Ya nne ndiyo ya hatari. Unalegeza mshiko, kijiti kinazunguka kwenye mpini, na ncha ndefu inakuja kwa kasi kubwa kuliko mkono wenyewe. Pigo hilo linavunja mfupa.

Kijiti kimoja, kazi nne, na tatu kati yake zinaweza kumaliza ugomvi bila damu. Lakini zile tatu zinahitaji miezi ya mazoezi. Ile ya nne, mtu mwenye hasira anaijifunza alasiri moja.

6/ Mwanzoni mwa miaka ya 1970, mkufunzi wa polisi Marekani anayeitwa Lon Anderson alichukua wazo hili na kulibadilisha liwe rungu la polisi. Likaitwa PR-24, kwa sababu urefu wake ni inchi 24, kama sentimita 60. Kampuni ya Monadnock ikalitengeneza, la plastiki ngumu na hata la alumini. Halikuuzwa peke yake. Liliuzwa pamoja na mafunzo na vyeti.

Hoja ya kuliuza ilikuwa nzuri kabisa: hili ni rungu la kujikinga. Askari atakinga, atafunga mikono, hatahitaji kupiga vichwa kama zamani. Idara nyingi za Marekani zikalichukua. Ufaransa polisi wake wanalo mpaka leo na wanaliita kwa jina lake la Okinawa, tonfa. Hata baadhi ya polisi wa Ujerumani wanalitumia.

Yaani ahadi ilikuwa ile ile tunayosikia hapa kwetu kila mara: kifaa kipya, askari mpya.

7/ Halafu ikaja Los Angeles.

Mwaka 1982 polisi wa mji huo walizuiwa kukaba watu shingo hivihivi, baada ya watu kufa mikononi mwao. Uamuzi mzuri. Lakini kilichobaki mkononi mwa askari, kabla ya kufikia bunduki, kilikuwa zaidi rungu. Na rungu lenyewe lilikuwa hili la mpini wa pembeni.

Usiku wa tarehe 3 Machi 1991, mwendeshaji gari Rodney King alisimamishwa baada ya kufukuzwa na polisi. Mkazi mmoja akaamka kwa kelele, akachukua kamera yake ya video na kurekodi kutoka roshani ya nyumba yake. Mapigo ya rungu yalihesabiwa: 56. Mifupa ya uso ilivunjika, na ya mguu.

56. Na hicho kilikuwa kifaa cha kisasa, kilichobuniwa kwa ajili ya kukinga.

8/ Kuna jambo dogo kwenye kesi hiyo ambalo mimi kama mwanafunzi wa kobudo halinitoki akilini. Saa chache kabla ya tukio, askari aliyepiga mapigo mengi zaidi alikuwa kwenye zoezi la rungu kituoni, na mapigo yake yalionekana dhaifu. Hakufaulu vizuri. Bado akapangwa kazi usiku huo huo, na rungu kiunoni.

Mwaka uliofuata, Aprili 29, 1992, baraza la kesi la jimbo halikumtia hatiani hata askari mmoja kati ya wanne. Mji ukawaka. Zaidi ya watu 50 walikufa. Mwaka 1993 mahakama ya shirikisho ikawatia hatiani wawili. Mwaka 1994 King alipewa fidia ya dola milioni 3.8. Nani alilipa? Si waliopiga. Ni mji. Mji ni nani? Ni mlipa kodi.

Tume iliyochunguza idara ile haikuishia kwenye rungu. Ilikuta askari waliolalamikiwa tena na tena, na wakubwa waliokuwa wanawajua na wakanyamaza. Ugonjwa ulikuwa ofisini. Rungu lilikuwa dalili tu.

9/ Sasa turudi nyumbani. Na hapa mniwie radhi, kwa sababu hili ni la kwangu.

Mdogo wangu hana historia ya fujo. Siku moja ya maandamano alikuwa anatoka kazini, akakuta barabara imefungwa, akajaribu kupita uchochoro. Akakutana na askari wawili. Anasema hakukimbia, alisimama. Rungu lilipoinuka, alifanya kile ambacho kila binadamu angefanya: aliinua mkono wa kushoto kukinga kichwa.

Mfupa ulivunjika hapa, katikati ya kigasha, ule wa upande wa kidole kidogo. Daktari alipotazama picha hata hakuuliza kilichotokea. Aliniambia kwamba jeraha hili lina jina lake kwenye vitabu vya udaktari, na jina hilo limetokana na rungu la polisi. Mtu akipigwa kutoka juu, anainua mkono, na mfupa ule ndio unapokea. Limetokea mara nyingi kiasi cha kupewa jina.

Nilipokuwa nimekaa kwenye ile benchi ya hospitali nikakumbuka kijiti changu nyumbani. Mbao ya tonfa inalala kwenye mfupa ule ule. Wazee wa Okinawa walijua kabisa ni wapi binadamu anaumia anapojikinga, wakaweka mbao pale. Mdogo wangu hakuwa na mbao. Alikuwa na mkono.

Na kwenye karatasi ya kituo kule walikompeleka kwanza, iliandikwa kwamba "alikaidi". Ule mkono ulioinuka ndio ukaidi wenyewe.

10/ Sheria yetu inasemaje? Watu wengi wanadhani Kenya hatuna sheria, ni amri ya mkubwa tu. Tunayo, tena nzuri.

Katiba ya 2010, Kifungu cha 37, inampa kila mtu haki ya kukusanyika, kuandamana na kupeleka malalamiko, kwa amani na bila silaha. Kifungu cha 25 kinasema haki ya kutoteswa haiwezi kupunguzwa kwa sababu yoyote ile.

Halafu kuna Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya 2011. Nenda kwenye Jedwali la Sita. Askari lazima ajaribu kwanza njia zisizo na nguvu. Akitumia nguvu, ilingane na uzito wa kosa na upinzani wa mtu aliye mbele yake. Mtu akiumia, askari aliyepo ampe huduma ya matibabu mara moja na jamaa zake wajulishwe. Kifo au jeraha baya likitokea, taarifa iende kwa mamlaka huru ya kusimamia polisi, IPOA. Askari aliyevaa sare awe na jina au namba yake mahali panapoonekana. Na hii ndiyo ninayoipenda: kusema "niliamriwa na mkubwa" si kisingizio.

Someni wenyewe. Msingoje mtu awasomee kwenye jukwaa.

11/ Na mwongozo wa Umoja wa Mataifa wa 2020 kuhusu silaha zisizokusudiwa kuua unataja rungu waziwazi. Mapigo kwenye kichwa, shingo, koo, uti wa mgongo, figo na tumbo yaepukwe. Ikilazimu kupiga, iwe mikono au miguu, na iwe kwa mtu anayeumiza au anayetishia kuumiza wengine. Aliyelala chini hapigwi. Anayekimbia akiondoka hapigwi. Aliyekwisha kufungwa pingu hapigwi.

Hilo haliko mbali na tulivyofundishwa na mwalimu wetu: mpinzani akiacha kushambulia, kijiti kinarudi kwenye kigasha.

Sasa likumbukeni lile tukio la Kisumu, Agosti 2017. Usiku, polisi waliingia nyumbani kwa watu, na mtoto wa miezi sita akapigwa rungu kichwani, akafa. Mwaka 2019 uchunguzi wa mahakama ukasema polisi ndio waliohusika. Mtoto wa miezi sita. Alikaidi nini? Hapo nani atasema shida ilikuwa aina ya rungu?

12/ Kuna jambo lingine jipya zaidi. Juni 2025 tuliona katikati ya Nairobi makundi ya watu bila sare, wana rungu na viboko, wanawapiga waandamanaji mchana kweupe. Hao hawana namba kifuani. Hawana mkufunzi. Hawana wa kumpelekea ripoti. Jedwali la Sita unaliwekaje mbele ya mtu kama huyo?

Kwa hiyo ukisikia mtu jukwaani anazungumzia "vifaa vya kisasa" na hasemi lolote kuhusu hawa, ujue ameruka shimo kubwa kuliko yote barabarani.

13/ Tuwe wa haki pia. Askari ni mtoto wa mtu. Kuna wanaopigwa mawe, kuna waliopoteza jicho. Askari mwenye mikono mitupu na bunduki tu ni hatari kuliko askari mwenye rungu, kwa sababu hana kitu cha katikati. Akizidiwa, anafikia kilichobaki. Kwa hiyo ndugu zangu wa kambi ya pili, mnaosema rungu lipigwe marufuku kabisa: niambieni kwanza askari atafikia nini. Los Angeles waliondoa jambo moja baya, wakasahau kuuliza swali hilo hilo.

Na ndugu zangu wa kambi ya kwanza: mkinunua kontena zima la tonfa kesho, bila mafunzo ya kurudiwa na bila mtu wa kuulizwa, mtakuwa mmenunua pigo la nne tu. Zile kazi tatu za kwanza haziji ndani ya kontena.

14/ Tena kuna kitu kinachoniudhi kuliko vyote. Wanapopigwa wa upande wetu, tunalia haki za binadamu. Wanapopigwa wa upande ule mwingine, tunaweka vikaragosi vya kucheka. Wahenga walishasema: mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Rungu unalolishangilia leo litabadilisha mkono baada ya uchaguzi. Halitakumbuka ulimpigia nani kura.

15/ Basi mwanasiasa yeyote akija na hoja ya vifaa vya polisi, wa upande wowote, muulizeni maswali haya matano. Yaandikeni.

Moja: Askari atafunzwa saa ngapi kabla ya kupewa kifaa hicho, na atapimwa tena baada ya muda gani?

Mbili: Akishindwa kwenye kipimo, ananyang'anywa kifaa au anapangwa kazi usiku huo huo?

Tatu: Kila pigo litaandikwa wapi, na nani nje ya kituo ataruhusiwa kusoma?

Nne: Aliyelalamikiwa mara ya tatu yuko wapi leo? Amesimamishwa, au amehamishwa kaunti nyingine?

Tano: Fidia ikiamuliwa na mahakama, bajeti ya nani itaguswa?

Akijibu hayo, hata kama si wa upande wako, msikilize. Akianza kuwapigia hadithi za "dawa ya moto ni moto", mrudishieni maswali yake.

16/ Nimalize. Kijana mmoja aliniuliza pale ukumbini: "Mwalimu, sasa wewe na hiyo tonfa yako, siku ya maandamano si uibebe ujikinge?" Watu wakacheka.

Nikamwambia hapana. Kifungu cha 37 kinasema bila silaha, na nikiibeba nitakuwa nimempa askari sababu aliyokuwa anaitafuta. Mimi nitakwenda mikono mitupu, kama mdogo wangu. Sheria ndiyo inayopaswa kulala juu ya mfupa wangu kama ile mbao. Ikiwa haipo pale rungu linapoinuka, basi tuache kubishana kuhusu aina ya rungu.

Mdogo wangu amepona. Ana chuma ndani ya mkono, na kukikuja baridi ya Julai unamuuma. Kesi yake bado haijaitwa. Bado tunaifuatilia.



(Mwisho wa uzi. Maswali wekeni hapo chini. Kama uko na nakala ya Jedwali la Sita kwa Kiswahili chepesi, iweke hapa iwasaidie wengine.)